Mwanamume na Mwanamke Mbele za Mungu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huja kwenye mafundisho ya ndoa na kwenye vikundi vya kujifunza Biblia, lakini mengi huulizwa pembeni baada ya ibada, kwa sauti ya chini, na mtu ambaye jambo hili tayari limemuumiza. Nimeyajibu kwa Maandiko na kwa historia ya Kanisa. Pale madhehebu yanapotofautiana nimesema wazi, na pale nilipo na msimamo wangu sikuuficha. Maneno ya Biblia niliyonukuu yametoka katika tafsiri ya Muungano.

Je, Biblia inafundisha kwamba mwanamume na mwanamke wana thamani sawa?

Ndiyo, tena kuanzia ukurasa wa kwanza. "Mungu akaumba mtu kwa mfano wake, kwa mfano wa Mungu alimwumba, mwanamume na mwanamke aliwaumba" (Mwanzo 1:27). Mstari unaofuata unawabariki wote wawili kwa pamoja na kuwakabidhi wote wawili dunia waitawale. Hakuna kipande cha baraka hiyo alichopewa mume peke yake, wala hakuna kipande cha mfano wa Mungu ambacho mke alikipata kwa kupitia mumewe.

Agano Jipya linasogea mbele zaidi. Alama ya agano la Ibrahimu ilikuwa tohara, na ilibebwa na wanaume tu. Alama ya agano jipya ni ubatizo, na Luka hakusahau kuandika kwamba pale Samaria walibatizwa "wanaume na wanawake" (Matendo 8:12). Ukiisoma Wagalatia 3:28 bila kuruka mstari wa 27 unaotaja ubatizo, utaelewa kwa nini Paulo aliweza kusema "Hapana mtu mume wala mtu mke. Maana ninyi nyote mmekuwa mmoja katika Kristo Yesu." Hakuwa anafuta maumbile. Alikuwa anasema kwamba mlango wa kuingia kwa Mungu ni mmoja, na kila anayeingia anapata urithi ule ule.

Katika jambo hili Wakatoliki, Waorthodoksi na Waprotestanti hawana ugomvi leo. Wanachobishania ni majukumu: nani aongoze nini, nyumbani na kanisani.

Kanisa limesema hivyo siku zote?

Hapana, na hatuna sababu ya kulificha. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago, alimwita mwanamke lango la ibilisi. Thoma wa Akwino, mwalimu mkubwa wa karne ya 13, alichukua kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, wazo kwamba mwanamke ni mwanamume asiyekamilika, akajaribu kulipatanisha na imani kwamba Mungu ndiye aliyemuumba hivyo. Hawa walikuwa watu wa sala na wa akili nyingi, na bado mazingira yao yaliwafunga macho.

Lakini historia hiyo hiyo ina sura nyingine. Mwaka 203, katika mji ule ule wa Karthago, waliuawa kwa ajili ya imani Perpetua, binti wa familia ya heshima aliyekuwa bado ananyonyesha, na Felisita, mtumwa aliyejifungua akiwa gerezani. Masimulizi ambayo Perpetua aliyaandika kifungoni yalihifadhiwa na kusomwa makanisani, na majina yao wawili, bibi na mtumwa, yamo hadi leo katika sala kuu ya misa ya Kirumi. Mwaka 1970 Papa Paulo VI aliwatangaza Teresa wa Avila na Katerina wa Siena kuwa Walimu wa Kanisa, wanawake wa kwanza kupewa heshima hiyo. Tereza wa Lisieux aliongezwa mwaka 1997, Hildegarda wa Bingen mwaka 2012. Maana yake ni kwamba maaskofu, mapadre na waumini wote wanaelekezwa wajifunze imani kwao.

Biblia inamwita mke "msaidizi". Si maana yake yuko chini?

Anayesaidia si lazima awe mdogo kwa anayesaidiwa. Zaburi ya 33 inasema kuhusu Mungu mwenyewe: "yeye ndiye msaada wetu na ngao yetu", na hakuna aliyewahi kuhitimisha kwamba basi Mungu ni mdogo kwa Israeli. Katika Mwanzo 2 mwenye upungufu ni Adamu. Ndiye asiyefaa kukaa peke yake. Wanyama wote wanapitishwa mbele yake na hakuna anayemfaa, mpaka anapomwona mtu wa kufanana naye na kupaza sauti: "Sasa huyu ni mfupa katika mifupa yangu, na nyama katika nyama yangu." Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya mtu yaliyoandikwa katika Biblia, nayo ni ya furaha ya kumpata mwenzake.

Vipi kuhusu "naye atakutawala" katika Mwanzo 3:16? Hiyo si amri ya Mungu?

Angalia maneno hayo yamekaa wapi. Yamekaa baada ya anguko, katika orodha moja na uchungu wa kuzaa, miiba, magugu, jasho na kifo. Mkulima Mkristo anapalilia magugu yake bila kuogopa kwamba anampinga Mungu. Mkunga Mkristo anampunguzia mama uchungu bila kuona kwamba anavunja amri. Sasa iweje katika orodha hiyo yote tuchague jambo moja tu, utawala wa mume, tuseme hili ndilo Mungu alilolipenda?

Wapo walimu makini wanaosema uongozi wa mume ulikuwapo kabla ya anguko, kwa kuwa Adamu aliumbwa kwanza, na Paulo anautaja utaratibu huo katika 1 Timotheo 2:13. Hoja yao nitairudia. Hata wao, hata hivyo, wanakubali kwamba ubabe wa mume ni tunda la dhambi.

Nasikia kuna pande mbili katika mjadala huu. Zinatofautianaje?

Upande mmoja unafundisha kukamilishana: mume na mke ni sawa kwa thamani, lakini Mungu amempa mwanamume wajibu wa kuongoza nyumba, na huduma ya uchungaji au uzee wa kanisa ni ya wanaume waliohitimu. Maelezo yake yanayojulikana zaidi ni Tamko la Danvers, lililoandaliwa Marekani mwaka 1987. Upande wa pili unafundisha usawa katika huduma pia: Roho anagawa karama apendavyo, na anayeitwa ahudumu, awe mume au mke. Kundi la Christians for Biblical Equality lilitoa tamko lake mwaka 1989.

Nguvu ya upande wa kwanza ni kwamba unazichukua kwa uzito aya ambazo wengine wangependa kuziruka, na kwamba Paulo anapozungumzia jambo hili huwa anarudi kwenye uumbaji, si kwenye desturi za mji tu. Nguvu ya upande wa pili ni kwamba unaisoma Biblia nzima, pamoja na wanawake ambao Mungu mwenyewe aliwainua bila kumwomba mtu ruhusa. Mimi nasimama na upande wa pili, lakini nimewajua watu wa upande wa kwanza ambao wake zao na binti zao wamestawi kweli kweli. Nimewajua pia wanaohubiri usawa mimbarani ilhali nyumbani kwao mke hasikilizwi.

Msimamo wa Kanisa Katoliki ni wa aina yake. Hausemi kwamba upadre ni wa wanaume kwa sababu wanaume ni viongozi kwa asili. Unasema Kristo aliwachagua Mitume Kumi na Wawili wanaume, Kanisa limefuata hivyo tangu mwanzo, na Kanisa halina mamlaka ya kubadilisha. Ndivyo Papa Yohane Paulo II alivyoandika Mei 1994. Papa huyo huyo, mwaka 1988, alikuwa ameandika barua nzima juu ya hadhi ya mwanamke, na humo akafundisha kwamba kunyenyekeana katika ndoa ni kwa pande zote mbili.

Mume ni kichwa cha mke. Basi maamuzi yote ni yake?

Hapa ndipo ndoa nyingi za Kikristo zinapojikwaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Waefeso 5 mara nyingi husomwa kuanzia mstari wa 22. Anza na wa 21: "hali mnanyenyekeana katika kicho cha Kristo." Kunyenyekea kwa mke kunatoka ndani ya kunyenyekeana kwa waumini wote. Halafu hesabu mistari. Wake wanasemeshwa kwa mistari mitatu. Waume wanasemeshwa kuanzia wa 25 hadi karibu na mwisho wa sura, na wanachoambiwa ni kizito: "wapendeni wake zenu, kama Kristo naye alivyolipenda Kanisa, akajitoa kwa ajili yake."

Katika dola ya Kirumi ya wakati ule, baba mwenye nyumba alikuwa na mamlaka makubwa mno juu ya watoto wake na watumwa wake, hata ya kuamua kama mtoto mchanga alelewe au atupwe. Mafundisho ya wanafalsafa juu ya nyumba yalimlenga yeye: jinsi ya kutawala. Paulo anafanya mambo mawili yasiyo ya kawaida. Anawasemesha wake, watoto na watumwa moja kwa moja, kama watu wenye dhamiri zao. Na anapomgeukia mwenye nyumba hampi hata sentensi moja ya jinsi ya kutawala. Tafuta katika sura nzima amri ya mume kumfanya mkewe atii. Haipo. Kunyenyekea ni zawadi anayoitoa mke kwa hiari yake mbele za Bwana. Mume hana ruhusa ya kuidai.

Wataalamu wanabishana kama "kichwa" hapo kina maana ya mamlaka au chanzo. Mjadala huo una uzito wake, lakini ukikubali maana ya mamlaka, bado swali linabaki: mamlaka ya namna gani? Paulo analijibu kwa msalaba. Kichwa ni yule anayetangulia kuumia kwa ajili ya mwenzake.

Na mahali ambapo Paulo anataja waziwazi mume na mke wakiamua jambo la ndoa, anasema nini? 1 Wakorintho 7:4 inaanza kwa maneno ambayo kila mume wa Korintho angeyashangilia: "Mke hana amri juu ya mwili wake, bali mumewe." Kisha inaendelea kwa maneno ambayo huenda hakuna mume aliyekuwa amewahi kuyasikia: "vivyo hivyo mume hana amri juu ya mwili wake, bali mkewe." Mstari wa 5 unasema wakitaka kujitenga kwa maombi, iwe ni kwa kupatana. Katika jambo la ndani kabisa la ndoa, Mtume hampi mume kura ya mwisho.

Chukua mfano. Mume anapata kazi katika mji mwingine. Anarudi jioni, anaketi mezani na kusema, "Mwezi ujao tunahama." Mkewe ana wanafunzi anaowafundisha, mama yake anamtegemea, mtoto yuko katika mwaka wa mitihani. Hakuulizwa. Akinyamaza ataitwa mke mtii, akisema ataitwa mkaidi. Huo si ukichwa wa Waefeso 5. Wangeketi wote wawili, wakaweka mezani kila wanachokijua na kila wanachokiogopa, wakaomba, na kama hawajapatana wakasubiri. Wapo wanaofundisha kwamba ikishindikana kabisa mume aamue. Hata hao, walio makini kati yao, watakwambia kwamba mume anayeamua peke yake kila mwezi amekosea mahali fulani.

Mume wangu ananipiga, na nimeambiwa nivumilie kwa sababu mke anatakiwa kutii. Ni kweli?

Si kweli. Ondoka mahali penye hatari, wewe na watoto. Mwambie mtu unayemwamini, nenda hospitali, nenda polisi. Kutoka nyumbani kwa ajili ya usalama si dhambi, wala si kuvunja ndoa. Aliyeivunja ni aliyeinua mkono.

Daudi aliukimbia mkuki wa Sauli, ingawa Sauli alikuwa mfalme aliyepakwa mafuta. Paulo aliteremshwa ukutani Dameski ndani ya kapu ili asikamatwe, na askari walipomfunga kamba wampige mijeledi aliitaja haki yake ya uraia wa Kirumi wakaacha (Matendo 22:25). Watu hawa walijua kuteseka kwa ajili ya Kristo ni nini, na walijua pia kwamba si kila kipigo ni msalaba.

Mtume Petro, ambaye maneno yake kwa wake hunukuliwa sana katika hali hizi, anawaambia waume wawape wake zao heshima "kama warithi pamoja wa neema ya uzima, kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe" (1 Petro 3:7). Mume mkatili sala zake zimezuiliwa. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 1153, inampa haki ya kutengana mwenzi ambaye yeye au watoto wake wamewekwa katika hatari kubwa ya mwili au roho, na kukiwa na hatari ya kuchelewa anaweza kuchukua hatua mwenyewe.

Kwa wachungaji na wazee wanaosoma hapa: msiwaketishe pamoja aliyepiga na aliyepigwa ili "wapatane". Mke hatasema ukweli akiwa amekaa hatua moja na mtu atakayerudi naye nyumbani. Msikilizeni peke yake, mwaminini, msaidieni apate mahali pa kulala usiku huo. Toba ya mume ipimwe kwa muda na kwa matendo, chini ya macho ya watu wengine. Machozi ya siku moja hayatoshi.

Yesu mwenyewe aliwatendea wanawake vipi?

Soma Luka 13:10-17 polepole. Ni sabato, ndani ya sinagogi. Yupo mwanamke aliyepindana mgongo kwa miaka 18, asiyeweza kujiinua hata kidogo. Hakuomba kitu. Yesu anakatiza mafundisho yake, anamwita aje mbele, mahali pa macho ya watu wote, anaweka mikono juu yake, naye ananyoka na kuanza kumtukuza Mungu kwa sauti. Mkuu wa sinagogi anakasirika, na anaugeukia mkutano badala ya kusema na Yesu. Ndipo Yesu anapomwita mwanamke yule binti wa uzao wa Ibrahimu. Watu walizoea kusikia habari za wana wa Ibrahimu. Kwa jina hilo alimrudishia mahali pake katika ahadi, mbele ya wakubwa waliokuwa wamemwona kila sabato bila kumtazama.

Mambo mengine yanajulikana zaidi. Mariamu wa Bethania aliketi miguuni pake kama mwanafunzi, vile vile Paulo alivyosoma miguuni pa Gamalieli, na Yesu alikataa aondolewe hapo. Mariamu Magdalene, Yoana na Susana walisafiri naye na kumhudumia kwa mali zao (Luka 8:1-3). Na asubuhi ya ufufuo, Bwana alimkabidhi Mariamu Magdalene ujumbe awapelekee wanafunzi. Mitume waliposikia habari za wanawake hawakuwasadiki, waliona ni upuzi (Luka 24:11). Ujumbe ulikuwa wa kweli hata hivyo. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha kumbukumbu ya Mariamu Magdalene kuwa sikukuu, sawa na za mitume.

Ni kweli kwamba wale Kumi na Wawili walikuwa wanaume. Wanaotetea upadre wa wanaume tu wanaanzia hapo, na hoja yao ina uzito. Upande wa pili hujibu kwamba wote walikuwa pia Wayahudi, kwa kuwa walisimama badala ya makabila 12 ya Israeli, na hakuna anayesema mchungaji lazima awe Myahudi.

Wanawake walifanya huduma gani katika Biblia?

Zaidi ya tunavyoambiwa. Debora aliwaamua Israeli, na jemadari Baraka alikataa kwenda vitani bila yeye. Lakini anayenigusa zaidi ni Hulda, kwa kuwa anasahaulika. Mwaka wa 18 wa mfalme Yosia, kitabu cha torati kinapatikana hekaluni. Mfalme anakisikia kikisomwa, anararua mavazi yake, anamtuma kuhani mkuu Hilkia na wakubwa wengine wakamwulize Bwana. Yeremia alikuwa ameanza kutabiri miaka mitano kabla. Lakini kuhani mkuu haendi kwake. Anakwenda mtaa wa pili wa Yerusalemu, nyumbani kwa mwanamke aliyeolewa, na Hulda anawajibu bila kusita: "Bwana, Mungu wa Israeli, asema hivi" (2 Wafalme 22). Matengenezo makubwa ya dini katika Yuda yalisimama juu ya neno hilo.

Katika Warumi 16 Paulo anamkabidhi kwa kanisa Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na huenda ndiye aliyebeba waraka wenyewe. Anawasalimu Priska na Akila, akimtaja mke kwanza. Mke na mume hao ndio waliomchukua Apolo, mhubiri hodari, wakamfafanulia njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Anawasalimu Androniko na Yunia, "maarufu miongoni mwa mitume". Yohane Krisostomo, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Konstantinopoli na ambaye Kigiriki kilikuwa lugha yake, alimsoma Yunia kuwa mwanamke na akastaajabu kwamba alihesabiwa kustahili jina la mtume. Wengine leo wanasoma kwamba alikuwa maarufu machoni pa mitume tu. Soma vyovyote vile, alikuwa amefungwa gerezani kwa ajili ya Injili.

Lakini 1 Timotheo 2:12 inasema mwanamke asifundishe.

Inasema: "Simpi mwanamke ruhusa ya kufundisha, wala kumtawala mwanamume, bali awe katika utulivu." Ni aya ngumu, na ninamwogopa mwalimu wa upande wowote anayeimaliza kwa dakika mbili.

Wanaofundisha kukamilishana wanaisoma kama kanuni ya kudumu kwa sababu mstari wa 13 unarudi kwa Adamu na Hawa. Wengi wao wanaihusisha na huduma ya mzee au mchungaji tu, kwa hiyo wanawake wanaweza kufundisha katika nafasi nyingine. Wanaofundisha usawa wa huduma wanasema Timotheo alikuwa Efeso, kanisa lililovamiwa na mafundisho ya uongo, na barua nzima inapambana nayo. Wanaonyesha pia kwamba mstari wa 11 unaamuru mwanamke ajifunze, na kwamba kitenzi cha Kigiriki kilichofasiriwa "kumtawala" hakipatikani mahali pengine popote katika Agano Jipya, hivyo huenda kinahusu kunyakua mamlaka kwa ubabe.

Ninachoweza kusema kwa uhakika ni hiki: kama Paulo alikuwa anafunga mdomo wa kila mwanamke, kila mahali, kwa nyakati zote, basi Priska alimkosea alipomfundisha Apolo, na Paulo hakuonekana kuliona kosa hilo. Vivyo hivyo na 1 Wakorintho 14:34, inayosema wanawake wanyamaze katika kanisa. Sura tatu nyuma, katika barua hiyo hiyo, Paulo anaeleza jinsi mwanamke anavyopaswa kuwa anaposali na kuhutubu. Hawezi kuwa amekataza katika sura ya 14 alichokipangia utaratibu katika sura ya 11. Alikataza usemi fulani, na wataalamu wanatofautiana ni upi.

Ni makanisa gani yanawaweka wanawake wakfu?

Antoinette Brown aliwekwa wakfu Marekani mwaka 1853 katika kanisa la Kikongregesheni. Catherine Booth, aliyeanzisha Jeshi la Wokovu pamoja na mumewe William, aliandika mwaka 1859 kutetea wanawake wahubiri, na alitumia Maandiko mwanzo hadi mwisho. Anayesema usawa ni fikra za kisasa zilizoingia kanisani juzi asome hapo. Mwaka 1934 binti yao Evangeline akawa Jenerali wa jeshi hilo duniani kote.

Mwanamke wa kwanza kuwa kasisi wa Kianglikana ni Florence Li Tim-Oi, aliyewekwa wakfu China Januari 1944, wakati wa vita, kwa sababu waumini walikuwa wanakosa ushirika mtakatifu. Baada ya vita, kelele zilipozidi, aliacha kutumia leseni yake ili askofu wake asiumie, na akasubiri miaka mingi. Wamethodisti wa Marekani waliwapa wanawake haki kamili za uchungaji mwaka 1956. Kanisa la Uingereza liliweka makasisi wanawake wa kwanza mwaka 1994 na askofu wa kwanza, Libby Lane, Januari 2015. Makanisa mengi ya Kilutheri, ya Kipresbiteri na ya Kipentekoste yanafanya hivyo pia, ingawa si yote.

Wakatoliki na Waorthodoksi hawawapi wanawake upadre. Waorthodoksi wana historia ndefu ya mashemasi wanawake. Olimpia, rafiki wa Krisostomo, alikuwa mmoja wao. Wabaptisti wa Kusini mwa Marekani waliandika katika tamko lao la imani la mwaka 2000 kwamba uchungaji ni wa wanaume. Katika Kanisa Katoliki, mwaka 2021 Papa Fransisko aliwafungulia wanawake huduma rasmi za usomaji na utumishi wa altareni, na Oktoba 2023 wanawake walipiga kura katika Sinodi ya Maaskofu kwa mara ya kwanza.

Kazi za nyumbani ni za nani? Na mke anaweza kuwa na kazi nje?

Mwanamke wa Mithali 31 ananunua shamba, anapanda mizabibu kwa mapato yake, anauza nguo kwa wafanyabiashara. Yesu aliosha miguu ya watu, na baada ya kufufuka aliwawashia wanafunzi moto na kuwaandalia samaki na mkate. Sioni mwanamume atavunjiwa heshima gani kwa kuosha vyombo. Tito 2:5 inawataka wake vijana watunze nyumba zao, na ni neno jema. Haisemi mume asitunze.

Sijaolewa, na sina mtoto. Kanisani najiona nusu mtu.

Pole. Kosa hili ni la makanisa, tena makanisa ya pande zote mbili, yanapomfundisha msichana kwamba atakuwa mwanamke kamili siku ya harusi. Mwanamke mmoja alipaza sauti katikati ya mkutano kwamba lina heri tumbo lililomzaa Yesu. Bwana akamjibu kwamba heri ni ya walisikiao neno la Mungu na kulishika (Luka 11:27-28). Hakumdharau mama yake, ambaye ndiye aliyelisikia neno hilo kuliko wote. Alikataa tu kwamba thamani ya mwanamke ipimwe kwa tumbo lake. Paulo naye katika 1 Wakorintho 7 anausifu useja, wa kike na wa kiume, kama maisha kamili ya kumtumikia Bwana. Ukiulizwa tena "utatuletea lini mchumba?", una haki ya kujibu kwamba swali hilo linakuumiza.

Kanisa langu lina msimamo tofauti na wangu. Nihame?

Si lazima, na si haraka. Wakristo wanaosoma Biblia moja wametofautiana hapa kwa uaminifu. Kaa na mchungaji wako, mwulize anasomaje 1 Timotheo 2, anasomaje Warumi 16, na usikilize kabla ya kubishana.

Lakini kabla hujaketi naye, tazama mambo yanayoonekana. Wanawake wakitoa taarifa ya ukatili, wanasikilizwa au wanarudishwa nyumbani wakavumilie? Kamati ya fedha ina mwanamke hata mmoja? Wasichana wanafundishwa theolojia au wanafundishwa kupamba ukumbi tu? Mwanamume anayemdhalilisha mkewe anakemewa, au anaendelea kuhudumu kwa kuwa ana kipaji? Lipo kanisa lisiloweka wanawake wakfu ambalo lina majibu mazuri kwa maswali haya yote, na lipo linalowaweka wakfu ambalo halina.

Ukiona majibu ni mabaya, sema. Zungumza na wazee, andika barua kwa uongozi wa juu, tafuta wengine wanaoliona. Ukiwa umesema kwa adabu, kwa uvumilivu, na mlango ukabaki umefungwa, au ukiona kwamba wewe au binti zako mnafundishwa kila Jumapili kwamba mko chini ya mfano wa Mungu, hama. Aga vizuri, waachie wazee maelezo kwa maandishi, na tafuta kanisa jipya kabla hujaondoka la zamani ili usikae peke yako.